Mgeni Aliyebisha Hodi Ndani ya Bomba

Usiku wa kuamkia Jumanne Nakijwa Mbwambo aliota, na ni vizuri ijulikane mapema kwamba yeye si mtu wa ndoto. Ni Mpare, tena Msabato, tena ana shahada ya uzamivu ya fizikia. Watu wa namna hiyo wakilala, wamelala. Lakini majuma yale usingizi ulikuwa umemkimbia, na uliporudi haukurudi peke yake.

Kwanza tuseme kilichomnyima usingizi. Katika kituo cha utafiti wa udongo kule juu milimani Usambara, ambako Nakijwa ndiye mkuu wa usalama wa mionzi, kuna mashine ya kupimia unyevu wa ardhi. Ndani yake mna kidonge kinachotoa nyutroni, vitu vidogo visivyoonekana, vinavyopita ukutani kana kwamba ukuta ni habari ya kusikia tu. Mashine hiyo hufungiwa katika kibanda cha zege bondeni, kando ya kijito, na anayeibeba kwenda mashambani na kuirudisha ni Shemboza. Ameibeba miaka mingi. Kila mwezi Nakijwa hukizunguka kibanda na kipimo chake, ambacho ni bomba la zamani lenye gesi ya boroni, limevikwa nta nene, nalo hulia "tak" kila linapokamata nyutroni moja. Kila mwezi hulia kivivu, naye huandika kwamba pako salama.

Masika yalipoanza, bomba likaanza kulia kama bisi kwenye sufuria. Ofisini lililia kidogo, njiani zaidi, na bondeni penye kibanda likawa halipumui. Nakijwa akakifunga kibanda na kumwambia Shemboza akae nyumbani mpaka ijulikane kama kinga ya mashine imepasuka, na kama imepasuka, tangu lini. Hilo la "tangu lini" ndilo lililokuwa likimla. Kipimo kingine hakikuwepo, na wataalamu wa mjini walisema watakuja barabara itakapopitika.

Katikati ya hayo yote, Hidaya, mke wa Shemboza, akajifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, baada ya miaka ya ndoa iliyowachosha hata waliokuwa wakiwasengenya. Shemboza hakumshika. Hakuingia hata chumbani. Aliogopa kwamba kilichomo mwilini mwake kitamwingia mwanawe. Nakijwa alimweleza kwamba mionzi haiambukizi kama surua. Akaitikia kwa adabu, kisha akabaki palepale barazani. Adhana, ambayo baba humsomea mtoto sikioni anapozaliwa, haikuwa imesomwa. Babu alijitolea, imamu alijitolea, Shemboza akawaambia wote wangoje: ataisoma mwenyewe, siku Dokta atakapomwambia kwamba ni salama.

Kwa hiyo mtoto alikuwa akingoja, na aliyengojewa ni Nakijwa, na Nakijwa hakuwa na neno la kusema. Alilala akiwa na kiatu kimoja mguuni, ndipo akaota.

Yuko kwenye geti la kituo. Ni mchana mweupe, na vitabu vya maktaba vimepanga foleni kupanda lori. Kila kimoja kimebeba kifurushi chake. Hakuna kinachosukumana, maana ni vitabu vya zamani na vina malezi.

Nakijwa haoni ajabu. Jambo lenyewe analijua: mkurugenzi alikwisha agiza rafu za zamani ziondolewe ili pawekwe kompyuta, lori lije Jumanne, vitabu viende kwa wauza karanga. Yeye aliafiki, kwa kuwa siku ile alikuwa na mengine ya kufikiria. Anachokiona kigumu ni kwamba mkononi mwake mna muhuri, na kila kitabu kinamletea paji la uso akigonge.

Mwishoni mwa foleni amesimama mmoja mnene, hana jalada, amejifunga gunia kiunoni.

"Shikamoo," anasema Nakijwa, kwa kuwa anaonekana ana umri.

"Marahaba, mwanangu. Usinitazame sana mbele, jalada lilikwenda na mchwa."

Nakijwa anamuuliza anakwenda wapi. Mzee Kitabu anasema anakwenda kufungia karanga. Ameambiwa karatasi yake ni nzuri, haipitishi mafuta, na katika umri wake mtu hushukuru kusifiwa kwa lolote. Nakijwa anamuuliza anahusu nini. Anasema anahusu ukamataji wa nyutroni, na kwamba haya mabomba ya boroni aliyajua yakiwa vijana, kabla hayajaota kutu wala kiburi.

Nakijwa anamweleza kwa upole kwamba siku hizi kuna vitabu vipya.

"Vipo," anasema Mzee Kitabu. "Kamuulize huyo."

Kitabu Kipya amekaa kwenye kiti cha mapokezi. Ni mwembamba, anang'aa, ananukia kama gari jipya. Nakijwa anamweleza yote: bomba linalia, linalia zaidi bondeni, kuna mtu na mwanawe wanangoja.

"Peleka kwa mtengenezaji," anasema Kitabu Kipya.

"Barabara imekatika."

"Peleka kwa mtengenezaji."

"Mtengenezaji alikwisha kufa, na kiwanda chake kimekuwa hoteli."

Kitabu Kipya anafikiri. Analamba kidole, anajifunua ukurasa mmoja, anajisoma mwenyewe kwa makini. "Tatizo likiendelea," anasema, "peleka kwa mtengenezaji."

Mzee Kitabu anamvuta Nakijwa pembeni na kumwomba asimlaumu kijana. Amezaliwa wakati ambapo vipimo vimekwisha kuzibwa kila upande kiwandani. Anajua mengi kuliko wazee, ila hajawahi kunyeshewa.

"Twende tukawaulize wenye nyumba," anasema. "Lakini vua hicho kiatu. Ndani ni nta."

Hapo geti halipo tena. Wako katika ukumbi mkubwa wa shughuli, kuta za nta, sakafu ya nta, na umejaa vijana wa rika moja waliovaa kanzu nyeupe. Mzee Kitabu anasema hawa ni akina Haidrojeni, na kwamba nta si kitu ila mkutano wao.

Mara kijana mmoja anaingia mbio, anapita ukutani. Walinzi wa getini hawakumwona. Kazi ya walinzi ni kuuliza mtu yuko upande gani, naye hana upande wowote, si chanya wala hasi, kwa hiyo hawakuwa na la kumuuliza. Huyo ndiye Nyutroni. Anajigonga kwa Mzee Risasi, babu mzito aliyekaa kwenye kochi, anadunda, anaendelea na mbio zilezile. Mzee Risasi haachi hata kutafuna.

Kisha anafika kwa wenzake wa rika, na hapo ndipo mbio zinapopata tabu. Mzee wa uzito ule unamwamkia mara moja ukapita zako. Rika lako halikuachii. Haidrojeni wa kwanza anamshika mkono, habari za siku nyingi. Wa pili, habari za nyumbani. Wa tatu anataka kujua mama hajambo, na yule mjomba mwenye mguu, na mvua huko kwao zimenyesha? Kila salamu inamwondolea nusu ya haraka aliyokuwa nayo. Anapofika katikati ya ukumbi anatembea. Anapofika mwisho anatembea kama mtu aliyetoka kula pilau la watu.

"Sasa anapokeleka," anasema Mzee Kitabu. "Mwenye mbio huwezi kumpokea. Atapita nyumbani kwako na chai ikiwa mezani."

Mlangoni mwa chumba cha ndani kuna kiti, na kiti hakina mtu. Mzee Kitabu anasema hicho ni cha Bi. Kadimi, wa ukoo wa madini kama Mzee Risasi, ametoka kidogo. Nyutroni anaingia bila hodi, maana hana sauti. Ndani wamekaa akina Boroni, safu kwa safu, kimya kama watu wanaosubiri matokeo. Anamkalia mmoja mapajani. Boroni yule anapasuka vipande viwili, na vipande vinakimbia kila kimoja upande wake vikipiga kelele. Karani aliyekaa pembeni anagonga kigoma: tak.

"Pole," anasema Nakijwa.

"Asante," vinajibu vipande vyote viwili, vikiwa mbali.

Mzee Kitabu anasema ujuzi wote wa kazi yao ndio huo. Nyutroni hakuna aliyemwona tangu dunia iumbwe. Hujulikana kwa kelele za waliompokea, na karani hana macho, ana masikio tu, kwa hiyo kila kelele huiandikia nyutroni. Kisha anakohoa, vumbi linatoka, na anaita nje.

Bi. Kadimi anarudi. Ni mama mpana, ana kanga mbili na kijiti cha meno. Kazi yake ni moja: kumla kila Nyutroni asiye na haraka anayetaka kupita mlango ule. Haachi hata mmoja. Anakaa kwenye kiti, mlango wote unajaa.

"Sasa sikiliza," anasema Mzee Kitabu. "Bi. Kadimi akikaa hapo, mgeni hapiti. Kama zile kelele zilikuwa za wageni, patakuwa kimya, na kweli kibanda chako kinavuja. Kama hapatakuwa kimya, mtu wako ni mzima."

Nakijwa hajawahi kutamani kelele kiasi hicho. Anasimama miguu mitupu kwenye nta, anatega sikio. Ukumbini vijana wanasalimiana. Mlangoni Bi. Kadimi anawapokea waliopoa, mmoja mmoja, anawatafuna bila ubaya. Ndani akina Boroni wametulia. Karani ameinua kijiti.

"Hodi," inasema sauti nyembamba.

Tak.

"Hodi."

Tak.

"Hodi jamani."

Tak, tak.

"Nyutroni habishi hodi," anasema Nakijwa. "Hana sauti."

"Hana," anasema Mzee Kitabu.

"Na mlangoni yuko Bi. Kadimi."

"Yupo, na bado ana njaa."

"Basi anayebisha yuko ndani tayari."

Mzee Kitabu anamshika mkono, wanapita nyuma ya akina Boroni, wanainama, wanafika kwenye shingo ya bomba, pale waya mkubwa wa umeme unapoingilia. Hapo, juu ya kifurushi chake, amekaa binti mdogo wa maji. Nywele zinachuruzika. Kila tone likidondoka kwenye waya, anasema hodi.

Nakijwa anamuuliza yeye ni nani. Anasema ni Unyevu, wa huko kwenye ukungu.

"Mbona unabisha hodi ukiwa ndani?"

"Nilibisha nikiwa nje, hakuna aliyeitika," anasema Unyevu. "Ukungu ukanisukuma, nikaingia. Lakini bado sijakaribishwa, na mimi sikulelewa kukaa nyumba ya watu kimyakimya. Kwa hiyo naendelea."

"Umeingia lini?"

"Masika yalipoanza."

Nakijwa anamwomba alirudie hilo, na Unyevu, ambaye ni mtoto mwenye adabu, analirudia. Anamuuliza na kule bondeni je, mbona kelele huzidi? Unyevu anasema bondeni kuna kijito, na kijito ni kwao. Kila bomba likifika huko ndugu zake wanaingia kumwona, basi wanabisha wote.

"Na kibanda? Na mashine? Na Shemboza?"

"Hao siwajui," anasema Unyevu. "Mimi najua waya."

Nakijwa anakaa chini palepale. Ilikuwa raha ambayo hakuwa amejiandaa nayo, akacheka na machozi yakamtoka pamoja, na Unyevu akatazama machozi kwa namna ya mtu aliyeona jamaa zake. Moyo wa Nakijwa ulikuwa umelainika hata akafungua kinywa amwambie mtoto wa watu "karibu" ili naye apumzike. Mzee Kitabu akamziba mdomo kwa ukurasa mzima.

"Ukimkaribisha hapa atakaa hapa," anasema. "Ana wenyeji wake. Wako wapi?"

Unyevu anasema zamani alikuwa na wenyeji, chembe za buluu kwenye kifuko, sandukuni mwa kipimo. Akifika wao ndio humwitikia, analala kwao, hasumbui mtu. Mwaka jana kifuko hakikuwepo tena.

Nakijwa anakikumbuka. Kilikuwa kimeandikwa "Usile." Alikuwa akisafisha sanduku kwa ajili ya wakaguzi, akajiuliza kitu kisicholiwa kina kazi gani humo, akakitupa.

Hapo wako jikoni kwa mama yake, Usangi. Hakuna aliyesafiri. Mama yake, ambaye amekufa muda sasa, yuko kwenye kigoda mbele ya mafiga na kikaango mkononi, na anasema wamechelewa. Kifuko kiko kwenye ungo. Chembe zimevimba, zimekuwa za waridi, na zimenuna.

"Sisi tulishiba maji tukiwa kazini," inasema chembe moja kwa niaba ya wenzake. "Badala ya kutukausha wakatutupa. Kosa letu ni kutoliwa."

Nakijwa anaziomba radhi. Chembe zinashauriana, zinasema zimesamehe, ila zikaangwe vizuri. Mama anazimimina kikaangoni bila mafuta. Mzee Kitabu amesimama kando, amejifunua, anajisoma kwa sauti: moto mdogo, mkono usikome, mpaka rangi irudi.

"Najua," anasema mama. "Ni kama karanga tu."

Mzee Kitabu anajifunga na kurudi nyuma hatua moja.

Mama anampa Nakijwa mwiko. Anageuza. Mvuke unapanda. Chembe moja inakuwa buluu, kisha ya pili, kisha kikaango chote kimekuwa buluu kama sare ya shule. Zinamiminwa kifukoni zikiwa na joto lake. Unyevu anakuja na kifurushi kichwani, anasimama kwenye mdomo wa kifuko.

"Hodi," anasema.

"Karibu," zinajibu chembe zote.

Anaingia. Karani ameinua kijiti, anangoja. Anangoja tena. Hatimaye anakilaza kigoma, anavua kofia, anajipangusa jasho. Kimya kile kilikuwa kitamu kuliko wimbo wowote ambao Nakijwa alipata kuuimba kwayani, na kwaya ameimba miaka.

"Usikiache kikaango motoni," anasema mama yake.

Akaamka.

Kulikuwa kumekucha na mvua ilikuwa ikigonga bati kwa ustaarabu. Nyumba ilikuwa na harufu ya kitu kilichokaangwa. Nakijwa huishi peke yake, mlango wake una komeo, na jana jioni alikula mkate na maziwa baridi. Akaenda jikoni akiburuza kiatu kimoja. Juu ya jiko kilikuwepo kikaango chake, bado cha vuguvugu, na ndani yake mna chembe za buluu, kiasi cha konzi moja.

Alizitazama kwa muda unaostahili. Kisha, kwa kuwa ni Mpare na kitu hakitupwi mara mbili, akazimimina kwenye soksi safi, akaifunga fundo.

Sasa, kuota ni kuota. Nakijwa alijua hawezi kwenda kwa Shemboza na kumwambia amshike mwanawe kwa sababu marehemu mama amekaanga. Mtu anapokutegemea kwa jambo la namna hiyo unatakiwa uwe na la kumwonyesha. Akachukua mwavuli, akaenda kituoni mbiombio, na alipofika getini lori lilikuwa limekwisha kuwashwa.

Alipanda juu yake. Dereva, mtu mzima aliyeona mengi, alizima injini na kuagiza chai. Nakijwa akafukua maboksi, na chini kabisa ya la mwisho akakipata: kinene, hakina jalada, kimefungwa kamba ya gunia kisiachane. Akakifungua palepale, mwavuli begani. Kulikuwa na sura nzima kwa ajili ya nchi za mvua. Ilisema kwamba bomba la boroni hutumia umeme mkali, na umande ukitua kwenye shingo yake, penye waya, umeme huvuja kidogo kidogo na kipimo huhesabu kila mvujo kama nyutroni. Ilisema jinsi ya kumjua mwongo huyo: lizungushie bomba bati la kadimi, chini ya nta, na kelele zisipopungua, si nyutroni. Ilisema na jinsi ya kumkausha, na jinsi ya kukaanga chembe. Vitabu vipya havikuandika hayo, kwa kuwa waandishi wake walidhani kila mtu amekwisha kununua kipimo kipya.

Mkurugenzi, Bwana Mrutu, alitoka na kumkuta mkuu wake wa usalama amekaa juu ya lori kwenye mvua. Akamuuliza kama yu mzima. Nakijwa akamwambia hajawahi kuwa mzima hivi, na kwamba kitabu hiki hakiondoki.

"Sawa, hicho kibaki. Na hivi vingine?"

"Vingine sijui vina nini, Mkurugenzi. Ndiyo maana haviondoki."

Bwana Mrutu akatazama boksi, akatazama soksi iliyofungwa fundo mkononi mwa mtu mwenye shahada tatu, akaona si wakati wa mabishano. Akasema kompyuta zitatafutiwa meza.

Mengine yalikwenda kama kitabu kilivyosema. Nakijwa alilizungushia bomba bati la kadimi, nalo likaendelea kulia vilevile. Akafungua shingo yake. Ndani, kuuzunguka waya, palikuwa na matone madogo yamekaa kwa adabu. Akayapangusa, akalipasha bomba joto la taa, akaweka soksi sandukuni na kufunga. Mchana akashuka nalo bondeni. Kando ya kibanda likasema tak, likanyamaza muda mrefu, likasema tak tena, kivivu, kama lilivyozoea. Akaogopa lisije likawa limekufa tu. Akafungua kibanda akalisogeza kwenye mashine, likalia kwa haki, akalivika kadimi, likatulia. Kinga ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima siku zote. Nakijwa akakaa kwenye majani mabichi na kumshukuru Mungu kwa sauti, mara nyingi, bila mpangilio.

Kutoka pale hadi kwa Shemboza ni mlima, naye aliupanda bila kuhisi. Alimkuta barazani, kwenye kiti kilekile, ameupa mlango mgongo. Shemboza alisimama alipomwona, akatazama uso wake akijaribu kuusoma kabla haujasema.

"Kaka Shemboza, uko salama," alisema Nakijwa. "Na jana ulikuwa salama, na miaka yote. Maji yaliingia kwenye kipimo. Mashine haina tatizo, nimeipima mwenyewe leo."

"Una hakika, Dokta?"

"Nina hakika. Na mahali palipoandikwa ninapo, nitakuonyesha."

Hakutaka kuonyeshwa. Akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, akaenda kwenye pipa la maji ya mvua, akatawadha, akanawa mikono hadi juu ya viwiko, akarudia, akarudia tena, mpaka Hidaya akamwambia kutoka mlangoni kwamba ngozi nayo anaihitaji. Alikuwa amemtoa mtoto nje, amemfunga kwenye kitenge, macho tu yanaonekana. Akamkabidhi.

Shemboza akampokea kwa mikono miwili iliyonyooka, mbali na kifua, amekaza viwiko, uso amegeuza kidogo pembeni. Nakijwa aliutambua ushikaji ule. Ni yeye aliyemfundisha, siku ya kwanza kabisa, jinsi ya kubeba mashine: iwe mbali na mwili, usikae nayo, usiikumbatie.

"Huyo hapana," alisema Nakijwa. "Huyo mlete karibu."

Shemboza akakunja viwiko polepole, kama mtu asiyeamini kwamba vinakunjika. Mtoto akafika kifuani, kisha begani, kisha shavu lake likagusa shavu la baba yake. Shemboza akaweka mdomo kwenye sikio la kulia na kuanza kumsomea, chini chini, na mtoto akaacha kuhangaika akasikiliza.